Anyamazaye, je, amekubali?

Ndugu mapadri, waseminari na waalimu wa dini,

Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza wa upadri nilikuwa katika matembezi ya vijiji. Siku moja, baada ya Misa, wazee waliketi chini ya mti kukata maneno ya mjane mmoja. Mume wake alikuwa amekufa mwezi uliotangulia, na ndugu za marehemu walitaka kutwaa shamba la mihogo na michikichi saba aliyoipanda pamoja na mume wake. Mimi nilipewa kiti karibu na mkubwa wa kijiji, kwa heshima. Nilijua vizuri kwamba maneno yale si ya haki. Lakini nilijisemea moyoni: mimi ni mgeni, sijui desturi zote za hapa, ndugu za marehemu ndio wanaotujengea kapela, tena ulimi hauna mfupa, nikikosa neno nitaharibu kazi ya misioni. Nikanyamaza.

Akasimama katekista mzee wa pale, akasema mbele ya wote kwamba kumnyang'anya mjane ni dhambi. Mmoja wa ndugu za marehemu akamgeukia, akanionyesha kwa kidole, akasema: «Mwalimu, Padri mwenyewe yuko hapa, amesoma kuliko sisi wote, naye hakusema kitu. Wewe ni nani?» Katekista akanitazama. Nami nikatazama chini. Maneno yakakatwa hivyo, na mjane akakosa shamba.

Siku ile nilifikiri kwamba nimekaa kando ya kesi. Kumbe ni mimi niliyeikata. Kunyamaza kwangu kuligeuka fimbo ya kumpigia yule aliyesema kweli. Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi: ni wakati gani mtu wa Mungu anaruhusiwa kunyamaza, na ni wakati gani sherti aseme? Niliitafuta jibu katika historia ya Eklezia, na mahali nilipolikuta limeandikwa wazi kuliko pengine ni Uingereza, katika miaka minne tu, tangu 1531 hata 1535. Nawaomba tuitembee miaka hiyo pamoja.

1. Kanuni mbili zilizo jirani

Mwaka 1298 Papa Bonifasi VIII alitoa kitabu kipya cha sheria za Eklezia. Mwishoni mwake ziliwekwa kanuni fupi 88, ambazo mahakimu na waavoka wamezitumia kwa karne nyingi. Kanuni ya 43 yasema kwamba anyamazaye huonekana amekubali. Kila mseminari amekwisha kuisikia. Lakini wachache wanaikumbuka ile ya 44, inayoifwata papo hapo: anyamazaye hakiri, lakini vilevile haonekani kukana.

Angalieni vema. Kanuni hizi mbili zakaa jirani kama nyumba mbili katika kiwanja kimoja, wala mlango wa moja hauelekei mlango wa nyingine. Ya kwanza yasema kimya ni ndiyo. Ya pili yasema kimya si ndiyo wala si hapana. Je, sheria yapingana nayo yenyewe? Hapana. Walimu wa sheria walipoifasiri ile ya kwanza waliongeza maneno haya: amekubali, kama alipaswa kusema na aliweza kusema. Tushike maneno hayo mawili, kupaswa na kuweza. Yote tutakayoyaona Uingereza yamefungwa ndani yake.

2. Siku maaskofu walipokaa kimya

Mfalme Henry VIII alitaka ndoa yake na Malkia Catherine wa Aragon itangazwe kuwa haikuwa ndoa kamwe, ili apate kumwoa Anne Boleyn. Roma haikumkubalia. Basi mfalme akaanza kuwabana mapadri wa inchi yake. Aliwashitaki wote kwamba wamevunja sheria ya ufalme, kwa sababu walikuwa wamemtii Kardinali Wolsey alipokuwa mjumbe wa Papa. Nayo ilijulikana kwamba mfalme mwenyewe ndiye aliyemtafutia Wolsey ukubwa ule! Mapadri na maaskofu wa jimbo kuu la Canterbury wakaogopa, wakakubali kulipa paundi 100,000 ili wasamehewe. Lakini fedha hazikumtosha mfalme. Akadai wamwite pia Kichwa kikuu cha Eklezia ya Uingereza.

Katika mkutano wao mabishano yalikuwa marefu. John Fisher, askofu wa Rochester, alipigana sana, na mwishowe waliongeza maneno machache: mfalme ni Kichwa, kadiri sheria ya Kristu inavyoruhusu. Tarehe 11 Februari 1531, William Warham, askofu mkuu wa Canterbury, mzee wa miaka kama 80, akaweka maneno hayo mbele ya wote. Hakuna aliyeitika. Warham akasema kwamba anyamazaye huonekana amekubali. Sauti moja ikajibu kwamba basi wote wananyamaza. Mambo yakaisha hivyo. Eklezia ya inchi nzima ilipewa kichwa kipya, wala hakuna aliyefungua kinywa kusema ndiyo.

Ndugu, tusiwahukumu mbio mbio. Wengi wao walikuwa watu wenye elimu na sala. Kila mmoja aliweza kurudi nyumbani na kujisemea: mimi sikusema ndiyo, tena yale maneno juu ya sheria ya Kristu yanatulinda. Kila mmoja alimngoja mwenzake aliye mkubwa kuliko yeye aanze. Lakini walikuwa maaskofu na mapadri. Walikuwa wameketi pale, kwa daraja yao, ili waulizwe neno lile. Walipaswa, tena siku ile bado waliweza. Ndiyo maana kanuni ya 43 iliwapata sawasawa. Na ile ngao ya maneno machache ilidumu muda gani? Mwezi wa Novemba 1534 Bunge lilipoandika sheria ya ukubwa wa mfalme juu ya Eklezia, maneno ya sheria ya Kristu hayakuwamo tena.

Warham mwenyewe alijuta. Mwezi wa Februari 1532 aliandika mbele ya mashahidi kwamba hakubali sheria yo yote ya kupunguza haki za Papa. Akatayarisha pia hotuba ya kujitetea, ndani yake akamkumbuka Thomas Becket, aliyekuwa askofu mkuu wa Canterbury kabla yake, akauawa kanisani mwaka 1170. Hotuba ile haikusemwa. Mwezi wa Mei mwaka ule ule alikuwa mmoja wa wale waliotia sahihi kwamba mapadri hawataweka sheria mpya pasipo ruhusa ya mfalme, na mwezi wa Agosti akafa. Hotuba ikabaki katika kartasi. Ni wangapi kati yetu wenye hotuba nzuri ndani ya sanduku?

3. Mlayiki aliyerudisha muhuri

Mapadri walitia sahihi tarehe 15 Mei 1532. Kesho yake mtu mmoja alimrudishia mfalme muhuri mkubwa wa ufalme. Jina lake ni Thomas More. Alikuwa Kansela, yaani mkubwa wa mahakimu na mshauri wa kwanza wa mfalme, tangu Oktoba 1529. Alikuwa mlayiki, mwenye mke na watoto, mtaalamu wa sheria.

More hakuwa mtu pasipo doa. Alipokuwa Kansela aliwafwatia wazushi kwa ukali, na wengine walichomwa moto. Katika jambo la ndoa ya mfalme alikuwa amemwambia mfalme faraghani kwamba hawezi kukubaliana naye, na mfalme akamwahidi kwamba ataiacha dhamiri yake kwa amani. Lakini tarehe 30 Machi 1531 alitumwa, kwa kazi yake ya Kansela, kuwasomea wakubwa wa Bunge majibu ya vyuo vikuu vilivyomwunga mkono mfalme. Walipomwuliza yeye mwenyewe anafikiri nini, alijibu tu kwamba mfalme amekwisha kuyasikia mawazo yake mara nyingi.

Hapo kimya chake kilianza kuwa kizito. Maana mtu anaposimama na muhuri wa mfalme mkononi, watu hawatazami yaliyo moyoni mwake, wanatazama muhuri. Naona kwamba More aliielewa hatari hiyo. Hakutoka akipiga kelele. Alirudisha muhuri, akakosa mshahara, akapunguza watumishi wa nyumba yake, akawa mtu wa kawaida. Toka siku ile kimya chake kilikuwa chake mwenyewe. Ndugu, kuna kunyamaza kunakolipwa mshahara, na kuna kunyamaza kulikoacha mshahara. Kwa mbali vyafanana, lakini si kitu kimoja.

Mwaka uliofwata, tarehe 1 Juni 1533, Anne Boleyn alivikwa taji. Maaskofu watatu walimpelekea More paundi 20 anunue vazi, wakamwomba afwatane nao kwenye sherehe. Alipokea paundi 20, lakini kwenye sherehe hakwenda. Akawaeleza maaskofu hao jambo la kutisha: leo mwaombwa kuhudhuria tu; kesho mtaombwa kuhubiri; kesho kutwa kuandika vitabu vya kutetea mambo hayo. Kwa yule asiye na neno la kusema, kutokwenda kulikuwa ni kusema. Inchi nzima ilisikia.

4. Dirisha la kwanza

Mwaka 1534 Bunge liliamuru watu wale kiapo kwamba watoto wa Anne ndio watakaorithi ufalme. Na mwanzoni mwa sheria ile yalikuwamo maneno ya kukataa ndoa ya kwanza na uwezo wa Papa. Tarehe 13 Aprili 1534 mapadri wa London waliitwa katika nyumba ya askofu mkuu huko Lambeth. Pamoja nao aliitwa mlayiki mmoja tu, Thomas More.

More alisoma kiapo, akasoma sheria, akalinganisha. Akasema kwamba hamlaumu mtu yeyote aliyeapa, lakini dhamiri yake yeye haimruhusu. Kuhusu urithi wa ufalme peke yake angeweza kuapa, lakini si kwa maneno yale. Wakamwambia atoke kidogo, afikiri. Alikaa katika chumba chenye dirisha lililotazama bustani. Kutoka pale aliwaona mapadri wakipita mmoja mmoja, wakiapa upesi pasipo kusumbuliwa. Mmoja wao, padri wa parokia ya Croydon, alikwenda moja kwa moja kwenye ghala ya vinywaji ya askofu mkuu akaomba kinywaji. Bustanini wengine walicheka na kukumbatiana. More ndiye aliyetuachia habari hii, katika barua aliyomwandikia binti yake Margaret. Hakuandika kwa uchungu. Aliandika kama mtu aliyetazama tu.

Walipomwita tena, walimwonyesha nini? Karatasi ya majina ya wote waliokwisha kuapa. Na padri mkuu wa monasteri ya Westminster akamwambia kwamba, kwa kuwa wakubwa wote wa ufalme wanafikiri vingine, sherti aone kuwa dhamiri yake yeye ndiyo iliyopotea. Niliposoma maneno hayo niliweka kitabu chini. Nilimwona katekista wangu mzee amesimama chini ya mti: «Padri mwenyewe hakusema kitu. Wewe ni nani?» Ndivyo ilivyo, ndugu. Anayepaswa kusema akanyamaza, kimya chake hakikai naye nyumbani. Kinatoka, kinamwendea mwingine aliye mdogo kuliko yeye, kinamkaba koo.

More alijibu kwamba ikiwa upande mmoja kuna baraza ya ufalme mmoja, upande wake kuna baraza ya wakristu wote. Tarehe 17 Aprili 1534 akafungwa katika Mnara wa London.

5. Dirisha la pili

Huko kifungoni alikaa zaidi ya mwaka. Hakumwambia hata binti yake sababu za kukataa kwake, ingawa alimpenda kuliko wote. Kwa nini? Sheria nyingine ilikuwa imetengenezwa, ikaanza kutumika tarehe 1 Februari 1535: yeyote ambaye kwa nia mbaya, hata kwa maneno tu, anamnyima mfalme cheo chake, ni mhaini, atauawa. Kumweleza binti kungekuwa kumtia binti hatarini. Walipomhoji, alisema sheria ile ni kama upanga wenye makali mawili: akijibu hivi anaipoteza roho, akijibu vile anaupoteza mwili. Tena hakutaka kujitupa mwenyewe mikononi mwa mauti, asije akawa na kiburi na Mungu akamwacha.

Je, huo ulikuwa woga? Tumwulize tena kwa kanuni zetu. Alipaswa kusema? Hakuwa askofu wala padri. Alikuwa amekwisha kuacha kazi. Hakuna kundi lililongoja neno lake ili lijue njia. Kimya chake kilifasiriwa kuwa ndiyo? Hata kidogo. Mtu anayeoza gerezani kwa sababu hataki kuapa, nani atamfasiri kwamba amekubali? Hapa kanuni ya 44 ndiyo iliyomfaa.

Tarehe 4 Mei 1535, akiwa pamoja na Margaret aliyekuja kumtazama, More aliona kwa dirisha watu wakitolewa kwenda kunyongwa. Walikuwa wakubwa watatu wa monasteri za Wakartusi, John Houghton, Robert Lawrence na Augustine Webster, na pamoja nao mtawa Richard Reynolds na padri wa parokia, John Haile. Hao walikuwa wameulizwa juu ya ukubwa wa mfalme, wakajibu wazi. More akamwonyesha binti yake kwamba wanakwenda kufa kwa furaha kama bwana arusi aendaye kwenye arusi yake.

Dirisha la Lambeth lilimwonyesha mapadri wakienda kunywa. Dirisha la Mnara likamwonyesha mapadri wakienda kufa. Ndugu waseminari, wote wale walikuwa wamepewa Sakramenti moja.

6. Askofu aliyesema

Na John Fisher? Alikuwa askofu wa Rochester tangu 1504, jimbo dogo lililo maskini kuliko karibu yote ya Uingereza, naye hakutafuta kubwa zaidi. Mwaka 1529, mbele ya wajumbe wa Papa waliokuja kusikia kesi ya ndoa, alisimama akasema kwamba ndoa ya mfalme na Catherine ni ya kweli, na kwamba yuko tayari kufa kwa ajili yake kama Yoane Mbatizaji alivyokufa kwa ajili ya ndoa. Maaskofu wengine wote wa ufalme waliapa. Fisher peke yake alikataa. Yeye hakuwa na ruhusa ya kunyamaza kama More. Watu wa Rochester walikuwa wake. Askofu akinyamaza juu ya imani, kondoo watafikiri nini?

Lakini tuseme ukweli wote. Mwaka 1533 Fisher alipeleka maneno ya siri kwa Chapuys, balozi wa Kaizari Charles V, akiomba Kaizari atumie nguvu juu ya mfalme. Ukweli aliokuwa ameusema waziwazi kanisani na katika tribinali ulikuwa neno la mchungaji. Neno hili la gizani, la kuita jeshi la kigeni liingie katika inchi ya watu wake, ni jambo lingine. Utakatifu wake hauondoki kwa hilo. Lakini nasi tujifunze kwamba kusema nako kuna sheria zake: kwa nani, wapi, na kwa kutafuta nini. Ukweli ule ule ukinong'onezwa katika sikio lisilo lake unageuka kitu kingine.

Mwezi wa Mei 1535 Papa Paulo III alimfanya kardinali. Mfalme akakasirika sana. Mtu mmoja wa serkali, Richard Rich, alikuwa amemwendea Fisher gerezani akimwambia kwamba mfalme ataka kujua kwa siri dhamiri yake yafikiri nini, wala halitamdhuru. Fisher akajibu kama askofu anayeulizwa: mfalme si Kichwa cha Eklezia, wala hawezi kuwa. Maneno hayo yakaletwa kwenye tribinali tarehe 17 Juni, na tarehe 22 Juni 1535 akakatwa kichwa.

7. More afungua kinywa

Rich huyo huyo alikwenda kwa More tarehe 12 Juni, siku walipokuja kumnyang'anya vitabu vyake. Wakazungumza kwa mifano kama wanasheria. Baadaye Rich akaapa kwamba More alisema Bunge haliwezi kumfanya mfalme kuwa Kichwa cha Eklezia.

Kesi ilisikiwa Westminster tarehe 1 Julai 1535. Waliomshitaki walisema kwamba kunyamaza kwake ni alama ya hakika ya nia mbaya. More akawajibu kwa kanuni ile ile ya 43: sheria ya watu wote yasema anyamazaye huonekana amekubali; basi mkitaka kufasiri kimya changu, fasirini kwamba nilikubali; tena sheria huadhibu maneno na matendo, haiadhibu kunyamaza. Oneni ajabu ya historia! Kanuni iliyowafunga maaskofu mwaka 1531, mlayiki aliishika mwaka 1535 kama ngao. Juu ya ushuhuda wa Rich alisema ni uwongo, akauliza kama mtu mwenye akili angemwambia Rich siri ambayo hakumwambia mfalme wala washauri wake.

Walioitwa kukata shauri walitoka, wakarudi baada ya kama robo saa: ana hatia. Hakimu mkubwa akaanza mara moja kutoa hukumu ya kifo. More akamkumbusha kwamba, alipokuwa hakimu yeye, ilikuwa desturi kumwuliza kwanza mshitakiwa kama ana neno. Ndipo akasema. Alisema kwamba sheria ile yapingana na sheria ya Mungu na ya Eklezia. Kwamba inchi moja haiwezi kuweka sheria juu ya Eklezia nzima, kama vile mji wa London hauwezi kuvunja sheria ya Bunge. Walipomwambia kwamba maaskofu wote wa ufalme wanafikiri vingine, akajibu kwamba kwa kila askofu wao, yeye ana watakatifu zaidi ya mia. Mwishowe akawaombea, kwamba kama Paulo aliyekubali kifo cha Stefano sasa yu pamoja naye mbinguni, vivyo hivyo yeye na mahakimu wake wapate kukutana kwa furaha.

Kwa nini alisema wakati ule, wala si mapema? Kwa sababu sasa kimya chake hakikumlinda tena mtu yeyote, na kama angekufa bila neno, kifo chake kingebaki fumbo, kila mtu akifasiri apendavyo. Sasa alipaswa. Tarehe 6 Julai 1535 walimkata kichwa. Mfalme alikuwa ameomba asiseme maneno mengi, naye alitii: alisema machache tu, kwamba afa mtumishi mwema wa mfalme, lakini wa Mungu kwanza.

Papa Pio XI aliwaandika wote wawili, Fisher na More, katika orodha ya watakatifu mwaka 1935. Na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II akamweka More kuwa msimamizi wa watawala na watu wa siasa. Eklezia haikumchagua aliyesema ikamwacha aliyenyamaza. Iliwasifu pamoja.

8. Kwetu sisi

Nasi katika Kongo tunao mashahidi wetu. Kardinali Malula alipopingana na serkali ya Mobutu mwaka 1972 alilazimika kuondoka akakae Roma kwa muda. Huko Bukavu, Askofu mkuu Munzihirwa aliyepaza sauti kwa ajili ya wakimbizi na ya watu wake aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Hao walikuwa wachungaji. Kundi lilingoja neno lao. Lakini wengi wetu hatutaitwa mbele ya mfalme. Tutaitwa chini ya mti, katika baraza ya parokia, katika familia iliyofiwa. Huko nako maswali ni yale yale, nami nayaweka matatu.

La kwanza: ni nani anayengoja neno langu? Kama ni kondoo wangu, na kama ni mimi niliyewekwa kusema, siwezi kumngoja mwenzangu aanze. Lakini kama si kazi yangu, kama siri si yangu, kama neno langu litamtia mwingine hatarini bila faida, kunyamaza ni haki, pengine ni upendo.

La pili: kimya changu kitafasiriwaje, na kitatumiwa juu ya nani? Nikikaa kwenye kiti cha heshima, tayari nasema hata kama midomo imefungwa. Ama niseme, ama niondoke kwenye kiti.

La tatu: kimya changu kinanigharimu nini? Kama kinaniletea chakula, urafiki wa wakubwa na kapela mpya, nikiogope.

Niliporudi kijijini kule, miezi mitatu ilikuwa imepita. Nilisimama baada ya Misa, nikasema mbele ya wakristu wote yale niliyopaswa kusema chini ya mti. Mkubwa wa kijiji alisikiliza, akajibu kwa upole: «Padri, maneno hayo tuliyakata ukiwapo.» Mjane alikuwa amekwisha kuhamia kwa kaka yake, ng'ambo ya mto. Katekista mzee alinisindikiza mpaka njia panda. Nikamwomba radhi. Alikaa kimya kitambo, halafu akasema: «Padri, siku nyingine, usiponena wewe, angalau usitazame chini.»